Kitambi Chetu na Madebe ya Saruji

Kwetu Mombasa mtu akiota kitambi hupongezwa. Huambiwa, "Mashallah, umenawiri," na mkewe husifiwa kuwa ajua kumtunza mume. Mtu huyo huyo akikonda huulizwa yuaumwa na nini, au anadaiwa na nani. Mimi nilipongezwa hivyo kwa muda wa miaka kumi na mitano na pongezi zote nikazipokea, hata siku moja msikitini, katika rakaa ya pili ya sala ya adhuhuri, nikashindwa kuinuka kutoka kwenye sijida. Goti la kulia lilikataa. Nikalishika bega la jirani yangu pasi na idhini yake, naye, Mungu amlipe, hakusema neno. Tangu siku hiyo nikawa naswalia kitini, safu ya nyuma, pamoja na wazee walionizidi kwa miaka ishirini.

Nami nina miaka hamsini na sita tu.

Pengine ningeendelea kukaa juu ya kiti hicho na kujiambia kuwa ndio uzee, lau si habari ya ndugu yangu mdogo. Miaka miwili iliyopita alikatwa mguu chini ya goti kwa ajili ya kisukari. Yeye ndiye aliyekuwa mwepesi kati yetu, mpiga mbizi na mcheza mpira, na leo hushinda barazani akihesabu wapitao. Nilipokwenda kwa daktari kutazamwa goti, nilimweleza habari hiyo, naye akaliacha goti na kunipima damu asubuhi yake kabla sijala kitu. Ikaja 6.6. Akanieleza kuwa chini ya 5.6 mtu yu salama, na kuanzia 7 huitwa mgonjwa wa sukari. "Wewe umesimama mlangoni," akasema, "hujaingia ndani, wala nje huko." Akanipima uzito: kilo 91. Kimo: sentimita 168. Kisha akauzungusha utepe wa fundi cherehani tumboni mwangu, akasoma 108. Kipimo chepesi, alisema, ni kwamba kiuno kisifike nusu ya kimo cha mtu. Nusu ya kimo changu ni 84. Basi nilikuwa nimechukua sentimita ishirini na nne ambazo si zangu.

Maneno aliyoniaga nayo ndiyo yaliyonitia katika kisa hiki. Alisema, "Punguza mafuta, lakini misuli usiipunguze. Tafuta vyuma unyanyue."

Nilidhani anifanyia mzaha. Vyuma, kwa fikira zangu, ni vitu vya vijana wanaopenda kutembea wazi vifua pale Mama Ngina. Lakini daktari hakuwa akicheka. Mtu akila, sehemu kubwa ya sukari inayoingia katika damu hupokewa na misuli, huko ikatumiwa au ikawekwa akiba. Misuli ikiwa michache na mivivu, sukari hukosa pa kuingia, ikabaki kuzunguka kama mgeni asiyefunguliwa mlango. Tena kila mtu apitaye umri wa ujana huanza kupoteza misuli yake kidogo kidogo, ajue asijue. Mtu wa makamo akijikondesha kwa njaa peke yake, hupoteza mafuta na misuli pamoja. Mizani itamsifu, lakini miguu itamlaumu.

Hapa sina budi kukiri upumbavu wangu. Badala ya kuuliza wajuao, nilimwomba mpwa wangu anionyeshe katika simu yake mpango wa mazoezi, naye akanipa wa mtunisha misuli mmoja wa ng'ambo: siku sita kwa juma, kila siku kiungo kimoja, leo kifua, kesho mgongo, keshokutwa mikono. Nikanunua vyuma viwili vya mkononi, nikajifungia chumbani. Chakula nikakipunguza hata nikawa nala chungwa asubuhi na ndizi jioni. Tumbo nalo nikaliandama peke yake: nalala chali, nainuka, nalala, nainuka, mara mia. Katika juma la tatu nilikuwa nimepungua kilo nne, nimekuwa mkali kwa kila mtu nyumbani, na asubuhi moja mgongo ukanikamata nikiokota ndala. Nililala siku tano. Katika siku hizo tano mke wangu alinipikia kila nilichokuwa nimekikosa, na kilo zangu nne zikarejea, naona na ya tano walikuja nayo.

Aliyeniokoa ni kinyozi wangu. Aliniambia kuwa nyuma ya nyumba moja huko Majengo pana uwanja wa vyuma wa miaka mingi, na mwenyewe ni mtu aliyefanya kazi bandarini kabla ya kuumia bega. Nilikwenda alasiri. Nilikuta paa la mabati, miti miwili ya mvule iliyotiwa pembe ya kuwekea chuma, benchi la mbao, na madebe: madebe ya rangi, madebe ya maziwa ya unga, ndoo za plastiki, yote yamejazwa saruji na kutiwa bomba la maji katikati, na kila moja limeandikwa uzito wake kwa rangi nyekundu. Vijana kama kumi walikuwako, wamelowa jasho. Walipouona msuli wangu na kofia yangu walinyamaza kwa adabu, wakadhani nimekuja kutafuta mtoto aliyetoroka madrasa.

"Karibu, Maalim," akasema yule mkuu wao. "Wamtafuta nani?"

"Nakutafuta wewe," nikamjibu. "Nataka kurudi kwenye mkeka."

Hakuelewa, nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniletea kibao cha kukalia. Akasema, "Hapa wewe huanzi na chuma. Waanza na hiki kibao. Keti, kisha inuka, mikono usiitumie." Nikaketi, nikainuka. Mara ya tano mapaja yalianza kutetemeka. Mara ya nane nikaomba maji. Vijana wakatazama kando, nami nikawashukuru kimoyomoyo.

Basi tukaketi tukaandika mpango, mimi na yeye, katika daftari la shilingi thelathini. Swali lake la kwanza halikuhusu vyuma hata kidogo. Aliniuliza, "Jumatatu na Alhamisi wafunga?" Nikasema naam, nikijaaliwa. Akazikata siku hizo mbili kwa kalamu. Zikabaki Jumapili, Jumanne na Ijumaa, baada ya sala ya alfajiri, dakika arubaini na tano, na katikati ya siku moja na nyingine pana mapumziko. Nilipomuuliza mbona siku tatu tu, naye yule wa ng'ambo alipanga sita, alicheka. "Yule ana miaka ishirini na mitano, na hiyo ndiyo kazi yake. Wewe misuli yako haikui ukiwa hapa. Yakua ukiwa umelala." Baadaye nilisoma kuwa Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, lawataka watu wazima wafanye mazoezi ya kutia misuli nguvu siku mbili au zaidi kwa juma, pamoja na mwendo wa wastani wa dakika 150 hadi 300. Mtu wa Majengo na wakuu wa Geneva hawakupishana sana.

Kisha akanieleza kuwa mwili haujui kifua wala mkono, bali wajua kazi. Kazi zenyewe ni chache: kuchutama na kusimama, kuinua kitu kutoka chini, kusukuma, kuvuta, na kubeba ukatembea. Ukizifanya hizo tano, hakuna msuli mkubwa utakaobaki umelala. Kuchutama nilianza kwa kibao, kisha kibao kikaondoka, kisha nikakumbatia debe la kilo tano kifuani, kisha la kumi. Kuinua kutoka chini nilifunzwa juma zima na ufito wa mwiko wa kupikia ubwabwa, maana mgongo wangu ulikuwa umeshanionya: makalio yarudi nyuma, mgongo uwe kama mlingoti, kitu kiwe karibu na muundi. Kusukuma nilianza kwa kusimama na kuusukuma ukuta, nikateremka kwenye benchi, na mwezi wa tatu nikafika chini sakafuni. Kuvuta ni kuinama na kulivuta debe kuelekea tumboni kama mtu apandishaye nanga. Na kubeba ni ndoo mbili, moja kila mkono, hatua arubaini kwenda na kurudi.

Kila zoezi seti tatu, na kila seti mara nane. Aliposema hivyo nilitabasamu, naye akauliza kulikoni. Nikamwambia kuwa mimi ni mtu wa tungo, na kwamba mizani nane ndiyo mshororo wa utenzi. Tangu hapo sikuhesabu seti tena; nahesabu beti. Nikiziweza nane katika beti zote tatu bila ya kuiharibu sura ya zoezi, naongeza siku ijayo ziwe tisa, kisha kumi, hata kumi na mbili. Zikifika kumi na mbili kote, debe hubadilishwa, uzito wapanda kilo mbili au tatu, na mizani yarejea nane. Ndiyo siri yote. Kila mara nisimame zikiwa zimebaki mbili ambazo ningaliziweza. Nisiishie pale ambapo uso waharibika. Kati ya ubeti na ubeti dakika mbili za kupumzika. Na pumzi isizuiliwe: hutolewa wakati wa kusukuma, hasa kwa mtu wa umri wangu, kwani kuibana pumzi huipandisha presha ya damu.

Nikapenda kujua hesabu hii ya seti tatu yatoka wapi, kwani sisi tuliosoma chuoni hatukulifundishwa jambo bila ya isnadi. Nikaikuta kwa daktari mmoja wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, aliyekuwa katika hospitali ya Gardiner mjini Chicago wakati Vita Vikuu vya Pili vikielekea ukingoni. Hospitali zilijaa askari walioumia magoti. Desturi ya zama hizo ilikuwa kuwapumzisha, na kuwapa vizito vyepesi vyepesi wavichezee mara nyingi. DeLorme mwenyewe aliwahi kuugua homa ya baridi yabisi ujanani akajitibu udhaifu wake kwa kunyanyua vyuma, basi akathubutu kuwapa askari wale uzito wa kweli, na kuuongeza kila walipopata nguvu. Akaandika habari zake mwaka 1945. Hapo kwanza aliwapa hata seti kumi za mara kumi. Kufika 1948, yeye na mwenzake Arthur Watkins wakaona tatu zatosha: ya kwanza kwa nusu ya uzito, ya pili kwa robo tatu, na ya tatu kwa uzito kamili ambao mtu huuweza mara kumi tu. Magoti ya askari! Niliposoma hayo nililipapasa goti langu nikaliambia, unasikia?

Kuna watakaosema kuwa wazee wetu, hamali wa Kilindini, walibeba magunia ya kilo 90 maisha yao yote na hawakuhitaji daftari. Ni kweli walikuwa na misuli kama kamba za jahazi. Lakini nimewajua wengi wao uzeeni, na migongo yao sikuitamani. Hamali hakuchagua uzito, hakuchagua siku ya kupumzika, wala hakuongezewa kilo mbili mbili kwa hisani. Yule bwana wa Majengo, aliyelipa kwa bega lake, ndiye aliyenionyesha tofauti hiyo.

Sasa tuje kwenye chakula, ambako ndiko kwenye vita. Mwalimu wangu aliniambia wazi kuwa vyuma havikondeshi mtu. Vyuma huilinda misuli. Mafuta huondoka jikoni. Wala tumbo haliondoki kwa kuliandama peke yake: mwili huchota mafuta mahali upendapo wenyewe. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni kama kalori 7,700. Mtu akila pungufu ya kalori 500 kila siku, atapungua karibu nusu kilo kwa juma, na mwendo huo watosha. Anayekimbilia zaidi ya hapo ndiye mimi wa machungwa na ndizi.

Nikaketi na mke wangu tukahesabu. Nilikuwa nanywa vikombe sita vya chai kwa siku, kila kikombe vijiko vitatu vya sukari. Vijiko kumi na vinane! Kijiko kimoja ni kama gramu nne, kalori kumi na sita. Chai yangu peke yake ilikuwa yaniletea karibu kalori 290, kabla sijagusa hamri. Nikashuka hadi kijiko kimoja, kisha nusu, na sasa nanywa chai ya tangawizi kavu, na kahawa chungu barazani kama kawaida, ila sinia ya halua nampisha jirani. Asubuhi nilikuwa nala mahamri manne na mbaazi kidogo. Tumegeuza, mbaazi zikawa nyingi na hamri moja. Mchana sahani yaanza kwa samaki na mboga, na wali waja mwisho, nusu ya ule wa zamani. Tui zito la kupaka limebaki kwa siku ya Ijumaa. Sikuambiwa niache chakula cha kwetu nikale majani ya watu. Niliambiwa nijue kilicho na kazi na kilicho pambo.

Chenye kazi ni kile kijengacho mwili. Mtu anayepungua naye ananyanyua vyuma ahitaji kama gramu 1.2 hadi 1.6 za protini kwa kila kilo ya uzito wake. Kwangu mimi ilikuwa zaidi ya gramu mia kwa siku, nami nilikuwa sifiki hata nusu. Kipande cha samaki cha gramu mia chatoa ishirini na ushei, yai moja sita, kikombe cha pojo zilizopikwa kama kumi na nne, kikombe cha maziwa nane. Changu na tasi wetu, na pojo, na mbaazi. Hakuna kilichohitaji kuagizwa kutoka ng'ambo kwa kopo. Mwenye ugonjwa wa figo asifuate hesabu hii bila ya kumwuliza daktari wake, na mwenye kutumia sindano au vidonge vya sukari vile vile aulize kwanza, maana mazoezi huishusha sukari, na yaweza kushuka ghafula.

Siku zisizo za vyuma natembea, alasiri, kutoka Mji wa Kale hadi baharini Mama Ngina na kurudi. Nilikuwa nikienda huko kwa ajili ya mihogo ya kukaanga. Njia ni ile ile.

Ramadhani ilinikuta katika mwezi wa nne, na niliogopa kuwa yote yataporomoka. Mwalimu akanitulizia moyo: kuilinda nguvu iliyokwisha patikana hakuhitaji kazi nyingi kama kuitafuta. Tukapunguza siku zikawa mbili, beti zikawa mbili badala ya tatu, uzito tukauacha pale pale, na saa ikawa usiku baada ya tarawehe, nikiwa nimekwisha kunywa maji ya kutosha. Tende tatu, si kumi. Daku ikawa mayai na pojo. Nilichokipunguza hasa ni zile sambusa na vitumbua vya kufuturu, ambavyo kwetu huifanya Ramadhani kuwa mwezi wa kunenepa. Na hilo nalisema nikijua nitalaumiwa. Idi iliponifika nilikuwa nimepungua kilo moja na nusu, na debe langu sikuliteremsha.

Siku moja vijana wakanitaka niwatungie kitu, nikawapa ubeti huu papo hapo, wakauandika kwa chaki juu ya bati:

Kitambi nilikilea, nikakiita heshima,
Kikaja kunilemea, magoti yakaniuma,
Chuma nikakizoea, nainama nasimama,
Na mkanda walegea, waniomba tundu, jama!

Mwezi wa tano umekwisha. Nina kilo 83. Kiuno ni 97, bado sijafika 84, na huenda nisifike mwaka huu. Sukari ya asubuhi ilikuja 5.7, daktari akasema nimebakiza unyoya mmoja kutoka nje ya mlango, nisiketi hapo. Naliinua debe la kilo 50 kutoka chini mara kumi na mgongo hausemi kitu. Na kiti cha safu ya nyuma nimekiacha. Nikiinuka kutoka sijida bado naweka kiganja chini rakaa za mwisho, lakini bega la mtu silishiki.

Ndugu yangu mdogo aliniona nikipita na ndoo zangu za mazoezi wiki mbili zilizopita, maana sasa nina zangu nyumbani. Akaniita barazani. "Kaka," akasema, "huo mchezo wenu wahitaji miguu yote miwili?" Nikamwuliza yule bwana wa Majengo, naye hakunijibu; alifunga uwanja wake siku ya Jumatatu, akaja mwenyewe na benchi dogo na madebe mawili ya maziwa yenye kilo mbili mbili. Tulikwisha pata ruhusa ya daktari wake. Wakaanza kwa kusukuma juu ya kichwa, akiwa ameketi, na kuvuta kamba ya mpira iliyofungwa kwenye nguzo ya baraza. Wapitao aliokuwa akiwahesabu wakawa ndio wasimamao kumtazama.

Jana jioni nilimpitia na kahawa. Shati limemganda mgongoni, mikono inamtetemeka, debe liko pajani. Nilimwambia apumzike dakika mbili.

"Hii ni ubeti wa ngapi?" akaniuliza.

"Wa pili."

"Basi keti," akasema, "una haraka ya kwenda wapi?"